Taifa Lililoshukia Kilindini

Mgeni Mwingereza akiingia Fort Jesus huuliza ngome ilijengwa mwaka gani. Mwitaliano hutaka kusikia habari za Cairati, Mwitaliano mwenzake aliyeichora. Mpoland huuliza ilibadili mikono mara ngapi. Nikimjibu kwamba kati ya 1631 na 1895 watu huhesabu mara tisa, hashangai. Huitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya mkate ambayo ameijua siku zote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nilifundisha sekondari hapa kisiwani, na sasa natembeza wageni: tunaanzia Ngomeni, tunashika Ndia Kuu, tunamalizia bandari ya kale. Tangu ndege za watalii kutoka Warsaw zianze kutua Mombasa, Wapoland wamekuwa wengi mpaka vijana wanaouza vinyago wamejifunza kuwasalimu kwa lugha yao. Wageni hawa huja kutafuta jua la Januari. Wachache sana wanajua kwamba wapo Wapoland waliowatangulia, walioshuka Kilindini wakati wa Vita Kuu ya Pili wakiwa wamenyolewa vichwa na hawana nchi ya kurudi. Nasi wenyeji, tukiulizwa, wengi tutasema hatujapata kulisikia jambo hilo.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa miaka, kwanza kwa ajili ya darasa, halafu kwa ajili yangu mwenyewe. Kimenionyesha jinsi taifa linavyotengeneza jina lake mbele ya walimwengu. Pia kimenionyesha ni nani huachwa nje ya jina hilo.

Nchi iliyofutwa kwenye ramani

Zamani Poland haikuwa nchi ya kuonewa. Mwaka 1569 ilijifunga na Lithuania kuwa dola moja, mojawapo ya madola makubwa kabisa ya Ulaya, iliyotandaa kutoka Bahari ya Baltiki hadi kukaribia Bahari Nyeusi. Mfalme alichaguliwa na makabaila, na bunge lao lilikuwa na desturi ya ajabu: mjumbe mmoja tu akikataa, shauri zima linavunjika. Majirani watatu, Urusi, Prussia na Austria, wakauona mwanya. Waliimega nchi mwaka 1772, Urusi na Prussia zikarudia 1793, na mwaka 1795 wote watatu wakagawana kilichobaki. Kwa miaka 123 hapakuwa na dola iliyoitwa Poland.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza: sasa Wapoland wenyewe walikwenda wapi? Hawakwenda popote. Shule zilipoikataza lugha yao waliisema majumbani, wakasali kwayo makanisani, na wale waliokimbilia Paris wakaitungia vitabu. Mwaka 1898 Marie Skłodowska Curie, mzaliwa wa Warsaw ya chini ya Urusi, aligundua elementi mpya pamoja na mumewe, akaipa jina la poloniamu. Nchi yake haikuwa na mpaka wala mfalme, lakini sasa ilikuwa na nafasi katika jedwali la kemia, na hakuna mfalme wa Urusi aliyeweza kuitoa humo.

Wengine walitafuta uhuru kwa bunduki, na mara nyingi kwenye vita vya watu wengine. Napoleon aliwatumia sana Wapoland, akiwaachia matumaini kwamba siku moja angewarudishia nchi. Mwaka 1802 na 1803 alipeleka askari wa Kipoland wapatao 5,000 kisiwani Haiti, kuwakandamiza Waafrika waliokuwa wamekata minyororo yao. Wengi walikufa kwa homa ya manjano. Baadhi, walipoona wanapigana na watu wanaodai kile kile wanachodai wao, walihamia upande wa pili. Jean-Jacques Dessalines alipotoa katiba ya Haiti mwaka 1805, iliyowazuia Wazungu kumiliki mali nchini humo, aliwatoa Wapoland katika katazo hilo.

Wageni wangu wengi hukijua kisa cha Haiti na hukisimulia kwa fahari, na wana haki. Ila hunibidi mimi niwaongezee sura inayofuata. Poland ilirudi kwenye ramani tarehe 11 Novemba 1918, na haikupita miaka mingi nayo ikaanza kutamani makoloni. Kulikuwa na chama chenye wafuasi wengi, Liga ya Bahari na Makoloni. Mwaka 1937 serikali ya Warsaw ilituma tume Madagascar chini ya Meja Mieczysław Lepecki, kuchunguza kama Wayahudi wa Poland wangeweza kuhamishiwa kisiwani humo. Wamalagasi hawakuulizwa. Taifa lililogawanywa na wenzake lilikuwa limeshaanza kupima ardhi ya watu wengine.

Kutoka Siberia hadi gatini

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi. Tarehe 17 mwezi huo huo Muungano wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki, kwa makubaliano ambayo wawili hao walikuwa wameyatia saini mwezi mmoja kabla. Usiku wa kuamkia 10 Februari 1940, katika baridi kali, askari wa Kisovieti walianza kugonga milango ya familia za mashariki ya Poland: masetla, wakulima, walinzi wa misitu. Watu walipewa muda mfupi wa kufunga walichoweza, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mifugo. Mafungu mengine yalifuata mwaka huo na 1941. Mamia ya maelfu walipelekwa Siberia, Kazakhstan na kaskazini ya mbali, kukata magogo na kulima mashamba ya dola. Walikufa kwa njaa, kwa baridi na kwa homa.

Kilichowafungulia mlango ni ugomvi wa wezi. Juni 1941 Hitler alimgeukia Stalin, na Stalin ghafla akahitaji marafiki. Tarehe 30 Julai 1941 alikubaliana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London: Wapoland waachiliwe, na jeshi lao liundwe chini ya Jenerali Władysław Anders, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka gerezani Moscow. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na familia, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Pahlavi, Uajemi. Huko ufukweni nguo zao zilichomwa moto kwa sababu ya chawa, na vichwa vikanyolewa, vya kike na vya kiume. Askari waliendelea hadi Palestina, kisha Italia, ambako Mei 1944 waliiteka Monte Cassino. Wanawake, watoto na wazee wakabaki mikononi mwa Waingereza, ambao waliwatawanya katika himaya yao: India, Afrika, hadi New Zealand.

Ndipo tunapoingia sisi. Kuanzia 1942, meli kutoka Karachi na Bombay zilileta Wapoland wapatao 19,000 Afrika Mashariki na ya Kati, wakishukia Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Beira. Kutoka hapo waligawanywa makambini. Tengeru karibu na Arusha ilichukua wapatao 5,000, na zilikuwapo nyingine Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda ilikuwa na Masindi na Koja. Kenya haikuwa na kambi kubwa kama hizo. Ilikuwa na vituo, hasa vya kupitia na vya shule: Rongai, Makindu, Nairobi, na hapa kwetu Nyali, ng'ambo ya lile daraja la kuelea ambalo wazee wetu walikuwa wakilipa ili kulivuka.

Mombasa ya 1942 ilikuwa mji wa vita. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon mwezi Aprili, manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishia makao yao Kilindini. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa na jeshi, na ndani ya madarasa yake wataalamu walikesha wakivunja siri za mawasiliano ya Wajapani. Ni hapo walipofumbua msimbo uliotumiwa na meli zao za biashara. Wanafunzi wa leo wanapita korido zile zile, na sijui ni wangapi wameambiwa.

Kazi hiyo ya siri inanirudisha kwenye suala la jina. Miaka mingi dunia iliamini kwamba mashine ya siri ya Wajerumani, Enigma, ilivunjwa na Waingereza peke yao. Ukweli ni kwamba wanahisabati watatu wa Kipoland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa wameupata ufumbuzi wa kwanza kuanzia mwishoni mwa 1932. Mwezi Julai 1939, wiki chache kabla ya vita, Wapoland waliwaita Waingereza na Wafaransa kwenye msitu karibu na Warsaw, wakawakabidhi kila walichokijua. Sifa ilichelewa kuwafikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Ukitaka kumchangamsha Mpoland aliyechoka na jua la mchana, mtajie Rejewski.

Wazungu walioharibu hesabu

Marehemu mjomba wangu alikuwa kuli wa Kilindini wakati wa vita, kijana mwenye kipande shingoni. Alipenda kusimulia siku alipomwona mama wa Kizungu, kichwani kitambaa, miguuni ndara za kamba, akishika upande wa pili wa sanduku lake ili amsaidie kulinyanyua. Afisa wa Kiingereza alikuja mbio. Mjomba alijua atakemewa yeye. Kumbe aliyekemewa ni yule mama. “Akaambiwa uwache, hiyo si kazi yako,” mjomba alisema, na kila mara akamalizia kwa kucheka: “Hapo ndipo nilipojua kuna Wazungu wanaofundishwa Uzungu.”

Mtafiti Mjerumani Jochen Lingelbach aliandika kitabu kizima mwaka 2020 juu ya hali hiyo ya Wapoland katika makoloni ya Afrika, na anachoeleza hakipingani na mjomba. Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya dhana kwamba kila Mzungu ni bwana. Mara wanakuja Wazungu maelfu wasio na viatu, wasiojua Kiingereza, wanaolima bustani zao wenyewe na kuishi kwenye vibanda vya makuti na udongo. Wakubwa wa serikali walihofia Waafrika wangeona. Makambi yaliwekwa mbali na miji, na wakimbizi hawakuruhusiwa kutembea watakavyo. Wakati huo huo walipewa wapishi, walinzi na wabeba maji wa Kiafrika, maana Mzungu, hata mkimbizi, hakutakiwa kuonekana akibeba ndoo.

Walichokifanya Wapoland ndani ya makambi hayo ni cha kutazamwa kwa makini, kwa sababu walikuwa na uzoefu wa miaka 123 wa kuwa taifa bila dola. Kitu cha kwanza kilikuwa shule. Watoto waliosahau kuandika Siberia walirudishwa darasani, wakifundishwa na walimu walionusurika, wakati mwingine bila vitabu. Vikafuata kanisa, kikundi cha maskauti, ukumbi wa michezo ya kuigiza, gazeti. Tengeru ilikuwa na nyumba za ibada za Wakatoliki, za Waorthodoksi na za Wayahudi. Kule Nyabyeya, Masindi, karibu na msitu wa Budongo, walijenga kanisa ambalo bado linasimama na bado Waganda wanasali ndani yake. Na waliokufa walizikwa kwa majina yao kamili. Tengeru kuna makaburi karibu 150, leo yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yanafagiliwa na kutunzwa, na wageni kutoka Poland huyazuru.

Waliogawiwa bila kuulizwa

Wakimbizi waliamini wanangoja vita viishe warudi. Vita viliisha, nchi ikawa haipo. Mwezi Februari 1945, kule Yalta, Roosevelt, Churchill na Stalin walikubaliana kwamba mashariki ya Poland, karibu nusu ya nchi ya kabla ya vita, ibaki ya Sovieti. Poland ikasogezwa magharibi na kufidiwa ardhi ya Ujerumani. Mji wa Lwów ukawa wa Ukraine ya Kisovieti. Wilno ukawa wa Lithuania. Hapakuwa na Mpoland mezani. Tarehe 5 Julai 1945 Uingereza na Marekani ziliacha kuitambua serikali ya London zikaitambua ile ya Warsaw iliyowekwa na Stalin. Mama aliyekuwa akipalilia bustani yake Tengeru aliamka siku hiyo akiwa raia wa nchi ambayo kijiji chake hakimo.

Nikifika hapa, na kama kundi langu lina subira, huwasimamisha chini ya ukuta wa Ngomeni nikawaeleza habari za bendera nyekundu ya Sultani iliyopepea juu yake hadi 1963. Kisheria, ukanda wa maili kumi wa pwani hii ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliukodi tu tangu 1895. Uhuru ulipokaribia, wapo waliotaka pwani ijitenge, ndiyo harakati iliyoitwa Mwambao, na wapo waliotaka iwe Kenya. Mwaka 1961 Sir James Robertson alikuja kusikiliza maoni, akapendekeza ukanda uungane na Kenya. Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini London kati ya serikali husika, na wiki chache baadaye bendera ikashuka. Kura ya maoni haikupigwa. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya, na sisemi Mombasa iliteswa kama Poland ilivyoteswa. Watu karibu milioni sita wa Poland, nusu yao Wayahudi, walikufa katika vita vile. Nasema tu kwamba mtu wa Mji wa Kale hahitaji kufafanuliwa mara mbili maana ya mpaka unaochorwa chumba cha mbali.

Hasira ya Yalta ndiyo ufunguo wa siasa za Poland hadi leo. Usipoijua, hutaelewa kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha kuunda meli cha Gdańsk walipogoma Agosti 1980 chini ya fundi umeme Lech Wałęsa, nchi nzima ilikuwa nyuma yao, wala kwa nini uchaguzi wa Juni 1989 uliuangusha ukomunisti bila risasi. Hutaelewa pia kwa nini walikimbilia NATO mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya 2004 kama waliochelewa. Mpoland wa chama chochote, ukimwambia kwamba wakubwa watakutana kuzungumzia usalama wa majirani zake yeye hayupo, anasikia neno Yalta.

Picha ya Masindi

Makambi yalifungwa polepole kati ya 1946 na mwanzo wa miaka ya hamsini. Wachache walirudi Poland. Wengi walikataa kuishi chini ya wale wale waliowapeleka Siberia, wakaenda Uingereza, Kanada na Australia, na lango lao la kutokea likawa tena Mombasa. Mwaka 1949 yatima wapatao 150 wa Tengeru walisafirishwa kupitia hapa hadi Italia na hatimaye wengi wao Kanada, wakiongozwa na padri Łucjan Królikowski. Serikali ya Warsaw ilipiga kelele kwamba watoto wa taifa wametekwa. Mwanzoni mwa 1950 meli ya Kimarekani iitwayo General Langfitt iling'oa nanga Mombasa ikiwa na Wapoland karibu 1,200, ikafika Fremantle, Australia, tarehe 15 Februari.

Miezi kadhaa iliyopita alikuja bibi mmoja wa Wrocław, mkunga mstaafu, ambaye mama yake alikulia Masindi na alikuwa miongoni mwa wale wachache waliorudi. Tulikaa kwenye baraza Kibokoni, kahawa chungu mbele yetu, akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya wasichana waliovaa kofia ngumu za jua, wamejipanga mbele ya kibanda cha nyasi. Nyuma, kwa mwandiko mdogo wa penseli, majina yao yote, na kando ya kila jina mahali alipoishia: Perth, Toronto, Bradford, “hajulikani”. Pembeni kabisa mwa picha, nusu ya mwili wake imekatwa na ukingo, alisimama mwanamume wa Kiafrika mwenye kanzu nyeupe, mkononi birika.

Nikamuuliza, “Na huyu?”

Aliigeuza picha, akasoma tena orodha, akaigeuza tena. “Mama alisema alikuwa mpishi,” akanijibu. “Alimpenda sana.”

Jina halikuwapo. Simlaumu mama yake, picha ilipopigwa alikuwa mtoto wa miaka kumi. Lakini orodha ile ndiyo Poland yenyewe kama ninavyoijua: taifa lililojifunza kwamba asiyeandika hufutwa, likaandika kila kitu, ila kalamu yake ikaishia kwenye ukingo wa familia yake.

Ukingo huo ni wa zamani kuliko makambi. Henryk Sienkiewicz, mshindi wa Nobel ya fasihi ya 1905, alitembelea Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891. Miaka ishirini baadaye alitoa riwaya ya watoto wawili wa Kizungu wanaotoroka mikononi mwa watu wa Mahdi huko Sudan na kuvuka Afrika hadi wanaokolewa na kufikishwa Mombasa. Vizazi vya watoto wa Poland vimekisoma kitabu hicho shuleni. Bila shaka wapo walioshuka Kilindini wakiwa wamelijua jina la mji wetu kabla ya kulijua la Nairobi. Humo yumo kijana Mwafrika, Kali, ambaye hoja yake kuhusu wizi wa ng'ombe, kwamba ni dhambi ukimpata yeye na ni wema akiufanya yeye, imegeuka msemo wa Kipoland kwa kila mwenye mizani mbili. Wanasiasa wa Warsaw hutupiana msemo huo bungeni. Mbunifu wa hoja ni Mpoland, aliyebebeshwa ni Mwafrika.

Mizani mbili, basi, tuipime nayo Poland ya leo. Februari na Machi 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, Wapoland walifungua mipaka na nyumba zao kwa mamilioni. Nchi chache zimewahi kufanya hivyo kwa haraka vile, na sehemu ya sababu ni kumbukumbu ya mabehewa ya 1940. Siku zile zile wanafunzi Waafrika waliokuwa wakisoma Ukraine walilalamika kwamba wanazuiwa mpakani na kuwekwa nyuma ya foleni, na Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28 Februari kukemea. Kwenye mpaka wa Belarus, Poland ilijenga uzio wa kilomita 186 kuwazuia watu wa Mashariki ya Kati na Afrika, ambao utawala wa Minsk ulikuwa ukiwasukuma makusudi, na mwaka 2025 ikasimamisha maombi ya hifadhi kwenye mpaka huo. Warsaw inasema inajilinda na hila ya adui, na hila kweli ipo. Lakini Msomali anayeganda msituni hakuitunga yeye.

Suala la jina limewahi kufikishwa hadi sheriani. Wapoland hukasirika, na kwa haki, wakisikia kambi za maangamizi za Wanazi zikiitwa za Kipoland. Taifa hilo lina watu zaidi ya 7,000 waliotunukiwa kwa kuwaokoa Wayahudi, wengi kuliko taifa lolote. Lakini lina pia Jedwabne, ambako tarehe 10 Julai 1941, chini ya ukaliaji wa Wajerumani, Wapoland waliwaua majirani zao Wayahudi kwa mamia. Rais Aleksander Kwaśniewski aliomba radhi mwaka 2001. Mwaka 2018 bunge lilipitisha sheria ya kumfunga hadi miaka mitatu anayelihusisha taifa na makosa ya Wanazi. Dunia ikapiga kelele, na miezi michache baadaye adhabu ya kifungo ikaondolewa. Kwa maoni yangu, dakika ile ya Kwaśniewski ililijengea taifa lake heshima ambayo sheria ya kifungo isingeweza kuinunua.

Orodha yetu

Nisije nikaonekana natoa kibanzi jichoni mwa mgeni. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyoondoka Kilindini siku chache kabla, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waulize watu mia Mwembe Tayari au Makadara kama wanaijua meli hiyo. Januari 1947, wakati Wapoland wakingoja meli zao, maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, makuli, wafanyakazi wa reli, wapishi na maboi, waligoma karibu wiki mbili wakidai mshahara wa kuishi, na Chege Kibachia akasukumwa uhamishoni kwa kuwaongoza. Mjomba wangu alikuwamo. Hakuna kibao.

Tumepokea wakimbizi pia kwa mikono yetu wenyewe. Baada ya 1991 watu wa Barawa na pwani yote ya Benadir walifika hapa kwa majahazi, wakakaa kambi ya Utange na nyingine hadi zilipofungwa katikati ya miaka ya tisini. Baadhi ni majirani zangu hadi leo. Kuna familia humu mitaani zilizoondoka kwenda Marekani kama vile Wapoland walivyoondoka kwenda Perth. Hakuna aliyeandika nyuma ya picha nani aliishia wapi.

Nimeanza kufanya jambo dogo. Wazee waliofanya kazi bandarini wametuacha karibu wote, lakini wajukuu wao wana masanduku chini ya vitanda, na ndani mna vipande vya kazi, vyeti vya jeshi la kikoloni la KAR, kadi za chama cha wafanyakazi, barua. Naomba kuonyeshwa, naandika jina, kazi, gati au kikosi, na mtaa. Yule bibi wa Wrocław ameniachia nakala ya picha ya Masindi, na ameahidi kuwauliza wenzake wa mama yake walio hai, Perth na Bradford, kama kuna anayelikumbuka jina la mpishi. Mimi nimeahidi kuwaandikia walimu wa Nyabyeya. Msomaji mwenye babu aliyepika, kulinda au kubeba mizigo kwenye makambi yale, iwe Tengeru, Koja, Makindu au Nyali, naye asingoje kuulizwa. Achukue daftari aanze na jina kamili.